Seremala wa Gando na maboma ya Kanda ya Ziwa: uchambuzi wa kisa

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, ukakata kushoto pale Kisesa kuelekea Kayenze, au ukanyoosha hadi Magu, hukosi kukutana na boma. Kuta zimefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha; madirisha ni matundu, ndani pameota majani na mbuzi wamejipatia kivuli. Wananchi walichanga, wakasomba mchanga na mawe, wakateka maji; fundi akaja, akapandisha, akalipwa, akaondoka. Fedha za kupaua zikasubiriwa. Masika mbili bila paa zinatosha kulegeza mistari ya juu ya tofali, na siku bati zinapofika kazi ya kwanza inakuwa kubomoa. Ukiuliza saruji iliwekwa kwa kipimo gani, hakuna kijijini anayejua. Jibu liliondoka na fundi.

Kisa tunachokichambua kilitokea mbali, Burkina Faso, lakini kinagusa palepale. Mwaka 2001 kijiji cha Gando kilimaliza jengo la shule ya msingi lenye madarasa matatu. Aliyelibuni, Diébédo Francis Kéré, alikuwa bado mwanafunzi wa chuo Berlin. Jengo likapata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka 2004, mwaka huohuo aliohitimu, na mwaka 2022 yeye mwenyewe akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo hakuna iliyo juu yake. Wanafunzi wa shule ile waliongezeka kutoka 120 hadi 700. Kwetu sisi wa mwambao wa ziwa, tuzo zina uzito mdogo kuliko jambo jingine: baada ya jengo la kwanza, Gando haikuhitaji kuazima mafundi wa jengo la pili.

Elimu iliyoanzia mkononi

Kéré alizaliwa 1965, mtoto wa kwanza wa mkuu wa kijiji, na ndiye mtoto wa kwanza Gando kupelekwa shule. Alipofika miaka saba alipelekwa kwa ndugu mjini Tenkodogo kwa sababu kijijini hapakuwa na darasa. Alilolikuta huko ni chumba cha matofali ya saruji, kiza na joto, watoto zaidi ya 100 ndani. Mwaka 1985 alipata ufadhili wa kwenda Ujerumani kusomea useremala. Mchana alijifunza kupaua na kutengeneza samani, jioni alisoma sekondari. Mwaka 1995 ndipo alipoingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea usanifu majengo.

Miaka mitatu baadaye, akiwa bado darasani, alianzisha chama cha kuchangia, Schulbausteine für Gando, jina linalomaanisha tofali za shule kwa ajili ya Gando. Aliwaomba wanafunzi wenzake wapunguze kahawa na sigara, hela ile waipeleke kwenye chama. Jengo likaisha 2001, shahada ikaja 2004, ofisi yake ya Berlin akaifungua 2005.

Mpangilio huo una maana. Wengi hupata shahada kwanza, kisha ofisi, kisha wateja, na jamii huja mwishoni kama ipo. Kwake ufundi ulitangulia, na jengo la kijiji likatangulia shahada. Seremala aliyewahi kubeba kenchi ya paa begani anajua kitu ambacho mchoro hausemi: uzito gani watu wawili wanaweza kuupandisha bila winchi. Paa la Gando limechorwa na mtu wa namna hiyo.

Kwetu njia hiyo ipo, ingawa ni ndefu na wachache huimaliza. Kijana wa useremala au uashi pale VETA Mwanza, Nyakato, ambaye hakufaulu kidato cha nne anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akasoma stashahada ya ufundi, kisha akaomba Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Mbele yake bado kuna mafunzo kazini na mitihani ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Wengi huanguka katikati, kwenye ada na kwenye hesabu. Ila ofisi ya usanifu inayopata mtu wa aina hiyo imepata mtu anayejua kwa nini fundi alikataa kujenga kilichochorwa.

Jengo lenyewe

Madarasa matatu yamepangwa kwa mstari mmoja, na kati ya darasa na darasa kuna uwazi ulioezekwa: mahali pa kufundishia nje, pa kukaa wakati wa mapumziko, na pa upepo kupita. Kuta ni tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kukandamizwa kwa mashine ya mkono. Hazikuchomwa. Dari nalo ni la tofali, zimelazwa juu ya nondo bila udongo wa kuunganisha, zikiacha upenyo wa hewa. Juu ya dari hilo, likiwa limeinuliwa, limekaa paa jepesi la bati lililotokeza sana nje ya kuta.

Paa ndilo lenye somo. Bati likilala moja kwa moja juu ya darasa, joto lote linashuka vichwani. Gando waliliinua bati, hewa ya moto ikapata njia ya kutokea kati ya bati na dari, na hewa baridi ikavutwa kupitia madirisha. Kenchi za kulishikilia zilichomelewa palepale kwa nondo za kawaida za ujenzi. Kijiji hakikuwa na winchi wala barabara ya kupitisha kenchi kubwa, hivyo zilihitajika vipande vinavyokatwa kwa msumeno wa mkono, kuchomelewa kwa mashine ndogo na kuinuliwa na watu.

Mapambo hayakuwa na nafasi. Bati lililotokeza linakinga ukuta wa udongo usipigwe na mvua, na kwa kuwa ukuta umekingwa, lipu ya nje inaachwa. Uamuzi mmoja unabeba mwingine. Ukikata ukingo wa paa ili kupunguza bati, umelazimika kurudisha lipu, na bei imerudi ilikokuwa.

Nguvu za wananchi, za namna mbili

Mwanzoni Gando haikumwamini. Wazee walijua nyumba za udongo zinavyoyeyuka kila msimu wa mvua, na mtu aliyesoma Ulaya walimtegemea alete zege na vioo. Aliwajibu kwa kufyatua tofali, kujenga kipande na kukipima mbele yao. Watoto walibeba mawe ya msingi, wanawake wakateka maji ya kufyatulia na kushindilia sakafu kwa kuipigapiga, vijana wakafunzwa kufyatua, kupanga na kuchomelea. Baadaye kwenye maktaba ya shule hiyo wanawake walileta mitungi ya udongo. Ikakatwa pande zote mbili na kuzikwa kwenye dari, ikawa matundu ya mwanga na hewa. Vijana waliofunzwa pale waliajiriwa kwenye majengo yaliyofuata, hapo Gando na nje yake.

Linganisha na tunachokiita nguvu za wananchi. Kaya inatakiwa ndoo kadhaa za maji, toroli za mchanga, tripu ya mawe na mchango wa fedha. Asiyeleta anaandikwa kwenye daftari la mtendaji. Hiyo ni kodi inayolipwa kwa jasho. Inaokoa fedha, na bila hiyo madarasa mengi ya mkoa huu yasingekuwapo, lakini haimwachii mtu ujuzi wowote ambao hakuwa nao. Mama aliyebeba maji ndoo 200 anamaliza ujenzi akiwa mbeba maji. Gando mbeba maji alikuwepo pia, tusipambe. Tofauti ni kwamba kila hatua ya ufundi ilikuwa na wanakijiji wanaojifunza, na jengo lilibuniwa likiwa na hatua wanazoweza kujifunza.

Mfumo wa fosi akaunti, yaani shule kusimamia ujenzi yenyewe bila mkandarasi, unatoa nafasi hiyo, ingawa haitumiki sana. Fedha zinaingia akaunti ya shule; inaundwa kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi; fundi anaajiriwa kwa mkataba wa nguvukazi. Madarasa ya mwaka 2021 yaliyotokana na fedha za UVIKO-19, kwa shilingi milioni 20 kila moja, yalijengwa hivyo. Kinachokosekana ni sentensi moja kwenye mkataba wa fundi: atafanya kazi na vijana wanne waliotajwa kwa majina, na malipo ya awamu ya mwisho yatatoka vijana hao wakiwa wamejenga wenyewe ukuta wa mita tano ulionyooka kwa timazi na pima maji. Fundi mzuri hakatai. Anayekataa huwa ana sababu, na ni heri kuijua kabla ya kusaini.

Kéré alikuwa na mtaji mwingine ambao hauigiki: mtoto wa mkuu wa kijiji, aliyeagwa na wanawake wa kijiji kwa sarafu zao za mwisho kila alipoondoka kwenda shule. Alisikilizwa. Msanifu anayetumwa na halmashauri kwenda Ilemela au Buchosa hana deni la aina hiyo wala heshima yake, kwa hiyo lazima apitie mkutano mkuu wa kijiji, serikali ya kijiji na kamati ya shule, tena mapema, kabla mchoro haujagandishwa. Akija na mchoro uliokamilika atapigiwa makofi, na makofi hayo hayatampatia hata toroli moja la mchanga.

Likiletwa mwambao

Kosa la kwanza analoweza kufanya mtu wa Mwanza ni kunakili sura ya jengo. Kéré mwenyewe hakuinakili: kwenye kampasi ya Startup Lions, ukingoni mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, iliyokamilika 2021, alitumia mawe ya machimbo ya karibu na minara ya hewa iliyoigwa kwa vichuguu vya mchwa. Udongo wa Gando ulikuwa jibu la Gando.

Hapa swali si lilelile. Gando joto hukaribia nyuzi 40 na mvua ina msimu mmoja. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, ziwa linapoza, na mchana wa kawaida hauzidi sana nyuzi 30. Mvua hukaribia milimita 1,000 kwa mwaka, kwa vuli na masika, na nyingi huja na ngurumo na upepo wa ghafla kutoka ziwani. Matatizo ya darasa la mwambao, kwa mpangilio wa uzito, ni paa kuezuliwa, radi, kelele za mvua juu ya bati zinazomlazimu mwalimu anyamaze, kisha joto.

Tuchukue mfano wa kupigia hesabu: madarasa matatu, kila moja mita 7 kwa 9 kwa ndani, yakiwa na nafasi mbili zilizoezekwa katikati, upana wa mita 3.5 kila moja. Eneo liko kilimani, juu ya mita 60 kutoka ukingo wa maji kama Sheria ya Mazingira ya 2004 inavyotaka. Tungeongeza umbali huo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia kwenye mialo ya wavuvi na makazi, na aliyepima mita 60 kipindi cha kiangazi alijikuta na jirani asiyemtarajia.

Msingi ni kitu ambacho Mwanza imepewa bure: mawe. Msingi wa mawe kwa saruji na mchanga, upana sentimita 60, ufike kwenye udongo mgumu au mwamba. Tatizo la vilimani ni jengo kukaa nusu juu ya mwamba na nusu juu ya udongo wa kujaza. Upande wa udongo unashuka, wa mwamba haushuki, na ufa wa mshazari unaanzia kwenye kona ya dirisha. Ama lisogezwe likae lote upande mmoja, ama kuta zikatwe pale ardhi inapobadilika. Zile nafasi wazi kati ya madarasa zinafaa kwa hilo: kila darasa lina msingi wake, na linashuka peke yake likitaka.

Udongo. Wasukuma wana majina ya udongo yanayofanya kazi ya maabara. Mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi, haufai kabisa. Unavimba ukilowa na tofali linapasuka. Luseni, wa kichanga wa miteremkoni, haushikani peke yake. Kikungu, mwekundu, ndio msingi wa mchanganyiko mzuri, na mara nyingi unataka kuongezwa luseni. Udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 30 hadi 50 za kwanza, uondolewe na utunzwe kwa bustani ya shule.

Kipimo cha saruji kinatokana na jaribio la sanduku. Tengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, lipake mafuta ndani, lijaze udongo uliolowa, lishindilie, uliache juani siku tatu. Sukuma udongo wote upande mmoja na upime pengo. Chini ya milimita 15, saruji sehemu moja kwa udongo 18. Kati ya 15 na 30, moja kwa 16. Kati ya 30 na 45, moja kwa 14. Kati ya 45 na 60, moja kwa 12. Ukizidi hapo ongeza mchanga na uanze upya, kwa sababu kuzidisha saruji kwenye udongo mbaya ni kutupa fedha. Jaribio hili vijana wa darasa la saba wanaliweza, na wakilifanya wao daftari linabaki shuleni.

Maji ya mchanganyiko yanapimwa kwa mkono. Finyanga donge, liachie kutoka kimo cha bega lianguke pagumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, sawa. Likibaki donge, maji yamezidi. Likisambaa kama unga, yamepungua. Mchanganyiko ukishatiwa maji usikae zaidi ya saa moja. Hapa ndipo kundi lisilosimamiwa linapoharibu: wanachanganya rundo kubwa asubuhi ili wapumzike, na tofali za saa tano zimetumia saruji iliyokwisha kushika. Kwa macho zinafanana na za asubuhi. Zinajulikana masika.

Hesabu, kwa tofali la kufungamana, lenye meno yanayoshikana, la sentimita 30 kwa 15 kwa 10: darasa moja lina mzingo wa mita 32, kimo mita 3, yaani mita za mraba 96, toa takribani 20 za milango na madirisha, zinabaki 76. Tofali 34 kwa mita ya mraba ni karibu 2,600. Weka 2,700 kwa zitakazovunjika. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, kwa mchanganyiko wa moja kwa 14, unatoa tofali kama 70. Mifuko 39 basi. Kikundi cha watu sita waliozoea mashine ya mkono kinafyatua 300 hadi 400 kwa siku. Madarasa matatu, tofali 8,100, ni kazi ya siku 21 hadi 27.

Sasa ukweli ambao wapenzi wa tofali hizi huupitia haraka. Ukuta uleule kwa tofali za saruji za kawaida unataka mifuko kama 25 ya kufyatulia, 7 ya kujengea na 14 ya lipu pande mbili: 46. Akiba ni mifuko saba kwa darasa. Si kitu cha kupigia ngoma. Na anayepaka lipu juu ya tofali za kufungamana, kama tulivyozoea kufanya ili jengo lionekane la kisasa, amepata hasara. Faida iko kwingine: tofali hazisafirishwi kutoka mjini, hazikati miti ya tanuru kama tofali za kuchoma, na fedha ya kufyatua inabaki kwa watu sita wa kijiji ambao msimu ujao wanaweza kufyatulia jirani kwa malipo.

Tofali zikitoka mashineni zipangwe kivulini, zifunikwe kwa nailoni au nyasi, zimwagiliwe siku saba, zisijengewe kabla ya siku 14. 28 ni bora. Kumwagilia ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, kwa sababu haionekani kuwa kazi na haina malipo yake kwenye mkataba. Ipewe mtu, na ilipwe.

Paa na radi

Ukingo mpana wa paa la Gando, ukiletwa mwambao bila kufikiri, unakuwa bawa. Upepo wa tufani unaingia chini yake na kusukuma juu. Kwa hapa tungeishia mita 1.2, na kila kenchi ifungwe kwa nondo ya milimita 8 iliyoanzia ndani ya lenta, chini ya nondo zake za kulala, ikapita juu ya kenchi na kupindwa. Waya wa kufungia pekee hauhesabiki. Safu mbili za bati za ukingoni na za kwenye kofia zifungwe kwa skurubu zenye washa, siyo misumari. Paa nyingi zinazoezuliwa huanza kung'oka kwenye kona, kwenye msumari ulioingia pembeni ya mbao.

Dari la tofali tusingelichukua. Kwa unene wa sentimita 10, juu ya darasa la mita za mraba 63, ni tani 12 zilizolala bila kuunganishwa juu ya watoto. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipiga Kagera, likaharibu majengo ya mawe na tofali, shule zikiwemo. Kanda hii siyo ya kuweka mzigo wa namna hiyo kichwani. Lakini wazo la tabaka mbili lenye nafasi ya hewa katikati libaki, kwa sababu linapunguza kelele za mvua pamoja na joto. Mbao za paini zilizopigiliwa zikikaribiana, juu yake udongo wa saruji wa sentimita mbili, ni karibu tani tatu. Mhandisi wa halmashauri azipigie hesabu kabla ya kenchi kuchorwa, si baada. Nafasi kati ya dari na bati izibwe kwa wavu wa matundu madogo. Asiyeuweka atawajua popo wa Mwanza kabla muhula haujaisha.

Bati lililoinuliwa juu ya kenchi za chuma, bila kuunganishwa na ardhi, ni hatari kwenye kanda yenye radi nyingi kama hii. Tatizo la vilima vyetu ni kwamba fimbo ya shaba haiingii kwenye mwamba, na fundi hukata kipande kinachobaki na kufukia mita nusu, kisha akaandika kazi imekamilika. Penye mwamba, zungusha mkanda wa shaba au wa chuma kilichopakwa zinki kuzunguka jengo lote, kina cha sentimita 50 hadi 60 popote udongo unaporuhusu, na uushushe kutoka bati angalau kona mbili zinazokabiliana, mbali na milango na benchi za watoto.

Paa hilo, pamoja na nafasi zilizoezekwa, lina takribani mita za mraba 370. Kwa mvua ya mita moja kwa mwaka, ukitoa moja ya tano inayopotea, ni lita zaidi ya 290,000. Msanifu Beda Amuli alitumia wazo hilohilo kwenye Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, ambako miavuli ya zege ya paa ilikusanya maji ya mvua. Shule iliyo mita mia kutoka ziwani na haina tenki ni jambo la kawaida huku, na kipindupindu kikija linaulizwa upya.

Mahali kazi inapokwama

Ramani za TAMISEMI zinatawala madarasa ya fedha za serikali, na mabadiliko ya ukuta au paa yanahitaji idhini ya mhandisi wa halmashauri kwa maandishi. Kamati nyingi huomba idhini baada ya kuanza. Mhandisi anakataa, kwa haki, na tofali 3,000 zinabaki uwanjani. Apelekewe mapema daftari la jaribio la sanduku na tofali tano zilizolala kwenye maji saa 24. Tofali linaongea vizuri kuliko barua.

Kamati tatu za fosi akaunti mara nyingi huwa ni watu walewale wanane wakibadilishana viti. Anayenunua saruji ndiye anayeipokea. Hapo mifuko 39 inaandikwa, 30 inafika, na mchanganyiko wa moja kwa 14 unakuwa moja kwa 18 bila mtu kutamka neno. Mpokeaji awe mmoja wa vijana wanaofyatua: yeye ndiye atakayeulizwa tofali likimeguka.

Kalenda nayo haisamehe. Jaribio la udongo lifanyike Mei, kufyatua Juni, msingi sambamba, kuta Julai na Agosti, paa liishe Septemba kabla vuli haijaanza kunukia. Ukianza Agosti kwa sababu fedha zilichelewa, fyatua na ujenge msingi tu, ufunike, usubiri. Anayepandisha kuta Oktoba akitegemea bati litafika ndiye anayejenga boma.

Na mashine ikae kwa kikundi kilichofunzwa, kwa hati ya kijiji, ikipakwa oili chafu kila jioni na pini zake kufungwa kwa waya. Ikirudishwa stoo ya halmashauri, msimu wa pili hukutwa imeshika kutu, na pini mbili hazipo.